Edward P. Jones: Riwaya Iliyokaa Kichwani Miaka Kumi

Edward P. Jones alizaliwa Washington, mji mkuu wa Marekani, tarehe 5 Oktoba 1950, na hadi sasa ametoa vitabu vitatu tu vya hadithi. Viwili ni mikusanyiko ya hadithi fupi. Kimoja ni riwaya. Riwaya hiyo, The Known World, ilipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2004, na gazeti la New York Times lilipokusanya kura za waandishi na wahakiki mwaka 2024 ili kupata vitabu 100 bora vya karne hii, ilishika nafasi ya nne. Jones ameeleza katika mahojiano mengi jinsi vitabu hivyo vilivyopatikana. Kumbukumbu zake zinastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu zinapingana na karibu kila ushauri wanaopewa waandishi chipukizi. Hakuandika kila siku, hakufanya utafiti wa maana, hakuacha kazi ya mshahara ili ajitolee kwa sanaa, na kwa muda mrefu hakuwa na mswada wowote wa kumwonyesha mtu.

Mama yake alihamia Washington akitokea Kusini, mmoja wa mamilioni ya Wamarekani Weusi walioyapa kisogo mashamba na sheria za ubaguzi katika karne ya ishirini. Hakujua kusoma wala kuandika. Alilea watoto watatu kwa kuosha vyombo na kusafisha vyumba hotelini, kwani baba yao, mhamiaji kutoka Jamaika, aliondoka wangali wadogo. Familia haikukaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Jones amesimulia kwamba hadi anafikia umri wa miaka 18 walikuwa wameshahama nyumba mara 18. Mtoto anayehamahama hivyo hapati rafiki wa kudumu wala mwalimu wa kumzoea. Anachobaki nacho ni majina ya mitaa. Pengine ndiyo sababu katika hadithi zake mhusika hatajwi bila anwani: nambari ya nyumba, mtaa, na upande wa mji, kaskazini-magharibi au kusini-mashariki, kana kwamba anayesimulia ni tarishi wa posta aliyezunguka humo miaka arobaini.

Mji wenyewe unahitaji maelezo kidogo. Msomaji wa mbali anaijua Washington kwa Ikulu, Bunge na sanamu ya Lincoln, mambo ambayo Jones hana haja nayo. Wakati akikua, Weusi walikuwa wanageuka kuwa wengi mjini, na sensa ya 1960 ilithibitisha kwamba wamepita nusu ya wakazi. Hata hivyo wakazi wa mji huo hawakupata haki ya kumchagua rais hadi uchaguzi wa 1964, na mpaka leo hawana mbunge mwenye kura katika Bunge linalokutana mlangoni pao. Ndani ya mji huo mkuu kulikuwa na mji mwingine wa vyumba vya kupanga, makanisa madogo, maduka ya kona na wenye nyumba wanaobisha hodi mwisho wa mwezi. Watu wake walikuwa wametoka Virginia, Carolina na Georgia, wakaja na lafudhi zao, dawa zao za mizizi na hofu zao. Hadithi zote za Jones zinazohusu Washington zimetoka katika mji huo wa pili.

Kusoma alikuanza kwa vitabu vya katuni. Amesema kwamba kitabu cha kwanza kisicho na picha alikisoma akiwa na miaka 13 hivi, nacho kilikuwa riwaya ya upelelezi ya Mwingereza Basil Thomson, Who Killed Stella Pomeroy? Hakuna aliyeweza kukisia kwamba safari ya mtoto huyo kwenye fasihi ingeanzia katika kitabu cha Mwingereza chenye maiti. Lakini alichokigundua humo hakikutegemea nchi wala rangi: kwamba maneno matupu, bila mchoro, yanaweza kumjengea mtu picha kichwani. Baada ya hapo ndipo akakutana na waandishi Weusi, Richard Wright akiwa miongoni mwao, na kuona kwamba watu waliozungumza kama jamaa zake nao wanaweza kuingia kitabuni.

Mwaka 1968, katika miezi iliyofuata kuuawa kwa Martin Luther King, chuo cha Wajesuiti cha Holy Cross, mjini Worcester, Massachusetts, kiliamua kuwatafuta vijana Weusi na kuwapa ufadhili wa masomo. Padri John Brooks ndiye aliyesimamia jambo hilo. Katika kundi hilo walikuwamo Jones na Clarence Thomas, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Jones alihitimu mwaka 1972. Kati ya yote aliyoyapata chuoni, mawili yalikuja kuzaa vitabu vyake, na yote mawili yalikaa muda mrefu kabla ya kutumika. La kwanza ni Dubliners, mkusanyiko wa James Joyce wa mwaka 1914 ambamo mji mmoja, Dublin, unaelezwa kwa hadithi 15 kuanzia utoto hadi utu uzima. Wanafunzi wenzake wa Massachusetts hawakujua lolote kuhusu Weusi wa Washington, wengine wakidhani mji ule una wanasiasa tu. Jones akaona kwamba alichokifanya Joyce kwa Dublin hakuna aliyekifanya kwa mitaa aliyokulia yeye. La pili ni habari aliyoipata kwa kupita tu: kwamba katika enzi ya utumwa Marekani kulikuwa na Weusi huru ambao nao walimiliki watumwa Weusi. Habari hiyo ilimshtua. Hakuitafutia vitabu. Aliiacha ikae.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Alirudi Washington, mama yake akiwa mgonjwa, na mama akafariki mwaka 1975. Kwa kipindi fulani Jones hakuwa na makazi. Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa ilitoka katika jarida la Essence mwaka 1976, lakini hilo halikufungua mlango wowote mkubwa. Alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Virginia, ambako alimaliza mwaka 1981, wakati ambapo James Alan McPherson, mwandishi Mweusi wa kwanza kupata Pulitzer ya fasihi ya kubuni, alikuwa akifundisha hapo. Kisha akaajiriwa na wachapishaji wa jarida la mambo ya kodi, karibu na Washington, kazi yake ikiwa kusahihisha maandishi na kufupisha makala. Alidumu humo karibu miaka 19.

Kazi hiyo isidharauliwe. Wasimulizi wa maisha ya waandishi hupenda kuionyesha ajira ya namna hii kama jela ambayo msanii anaitoroka. Jones hajaisema hivyo. Kwa mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo kodi ya pango ilikuwa wasiwasi wa kila mwezi, mshahara ulikuwa amani ya moyo, na kichwa chenye amani kinaweza kubeba hadithi jioni na Jumamosi. Tena mhariri wa sheria za kodi husoma mchana kutwa sentensi kavu zenye tarehe, viwango na nambari za vifungu, na msomaji wa Jones atakutana na sauti hiyo kavu katika mahali asipopatarajia kabisa.

Kitabu cha kwanza, Lost in the City, kilitoka mwaka 1992, mwandishi akiwa na miaka 41. Kina hadithi 14, zote za Washington, zimepangwa kufuata umri wa wahusika: za mwanzo zina watoto, ya mwisho ina bibi kizee. Hadithi ya kwanza inamhusu msichana anayefuga njiwa juu ya paa la nyumba, huku mtaa wake ukihamwa na watu mmoja baada ya mwingine kwa sababu ardhi imechukuliwa. Baba yake, mjane, anapanda kila asubuhi kabla binti hajaamka ili aangalie kama kuna njiwa aliyekufa usiku, asije mtoto akaona mwenyewe. Katika kitendo hicho kidogo cha baba mna mapenzi mengi kuliko hotuba yoyote ambayo angeweza kuitoa, na Jones hampi hotuba.

Hadithi ya pili, The First Day, ni fupi sana. Msichana anapelekwa na mama yake kuandikishwa shule. Mama amemvalisha vizuri, amebeba karatasi zote zinazotakiwa, na anajibu maswali ya walimu kwa heshima. Kisha anapewa fomu ajaze. Inambidi amwombe mwanamke asiyemfahamu amsomee, kwa kuwa yeye hajui kusoma, na binti anaigundua aibu ya mama papo hapo, siku yake ya kwanza ya kusoma. Anayejua maisha ya Jones anaona mara moja hadithi ilikotoka. Lakini inafaa kutazama alichokibadilisha. Mtoto ni wa kike, anayesimulia ni mtu mzima anayekumbuka, na hakuna sentensi inayomlilia mama. Mwandishi amechukua jambo lililomgusa kuliko yote, akaliweka katika mwili wa mtu mwingine, na kwa kufanya hivyo akaweza kulitazama bila kujionea huruma. Hapo ndipo kumbukumbu inapoachana na tawasifu.

Hadithi ya mwisho, Marie, ina bibi wa miaka 86 anayeitwa tena na tena kwenye ofisi ya mafao na kuwekwa benchi mchana kutwa, mpaka siku moja anamzaba karani kibao. Nusu ya pili ya hadithi inamletea kijana mwanafunzi mwenye kinasa sauti, anayekusanya maisha ya wazee. Kitabu hicho kilimpatia Jones tuzo ya PEN/Hemingway, na kiliorodheshwa miongoni mwa vilivyofika fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu. Hakikumtajirisha. Aliendelea na jarida la kodi.

Miaka kumi iliyofuata haikuwa na kitabu, ingawa haikuwa ya uvivu. Ile habari ya Weusi waliomiliki watumwa ilikuwa imeamka. Jones alipanga kufanya utafiti kama inavyotakiwa: alinunua vitabu vingi kuhusu utumwa, akavipanga rafuni, na karibu vyote hakuvifungua. Kila mwaka alijiambia kwamba akimaliza kusoma ataanza kuandika, na kila mwaka wahusika waliendelea kukua kichwani bila kungoja. Waliota majina, ndugu, magonjwa na madeni. Hadi mwisho wa mwaka 2001 alikuwa ameandika kurasa 12 tu, chache za mwanzo na chache za mwisho, lakini katikati yote ilikuwa imeshapangwa akilini. Ndipo alipochukua likizo ili aanze kwa dhati. Mwanzoni mwa 2002 mwajiri alimwarifu kwamba nafasi yake imefutwa. Rasimu ya kwanza ilikamilika kwa takriban miezi mitatu.

Kisa hiki husimuliwa kama muujiza wa kasi, na ni kukisoma vibaya. Miezi mitatu ilikuwa ya kunakili. Kutunga kulichukua mwongo mzima. Mtu anayetunga bila karatasi hawezi kutegemea sentensi nzuri aliyoiandika jana, kwa sababu hakuiandika. Hubaki na kile ambacho akili imekataa kukisahau, na visivyo na nguvu huanguka vyenyewe njiani. Mbinu hii ina hatari zake: mtu akifa au akiugua, kitabu kinaondoka naye. Wala hakuna ushahidi kwamba ingemfaa mwandishi mwingine. Kwa Jones ilifaa, na huenda kwa sehemu ni kwa kuwa alilelewa na mtu ambaye kila alichokijua alilazimika kukihifadhi kichwani.

The Known World ilichapishwa mwaka 2003. Inaanza mwaka 1855, katika Kaunti ya Manchester, Virginia, siku anapokufa Henry Townsend, mkulima Mweusi mwenye miaka 31 na watumwa 33. Kaunti hiyo haipo. Jones aliibuni makusudi, ili asije mtu akamwambia kwamba mto fulani haupiti pale au kwamba barabara fulani haikuwepo. Jambo lenyewe lilikuwepo. Mwanahistoria Carter G. Woodson alichapisha mwaka 1924 orodha ya Weusi huru waliomiliki watumwa kwa mujibu wa sensa ya 1830. Wengi wao hawakuwa matajiri wa mashamba. Sheria ya Virginia ya mwaka 1806 ilimtaka mtumwa aliyeachwa huru aondoke jimboni ndani ya miezi 12, isipokuwa apate ruhusa. Kwa hiyo mume aliyemnunua mkewe mara nyingi alilazimika kumweka kama mali yake kwenye karatasi, la sivyo wangetenganishwa tena. Wengine, wachache, walinunua watu kwa ajili ya kuwafanyisha kazi.

Riwaya imesimama kwenye ufa uliopo kati ya makundi hayo mawili. Augustus Townsend, fundi seremala, anajikomboa kwa fedha za kazi ya mikono yake, kisha anamnunua mkewe Mildred, na mwisho mwanawe Henry. Kwa miaka yote ya kungoja, mtoto ameishi karibu na bwana wake, mzungu William Robbins, na amempenda. Akishakuwa huru, Henry anamnunua mtu wake wa kwanza, Moses, kutoka kwa Robbins huyo huyo. Wakati wanajenga nyumba pamoja, Robbins anawakuta wakipigana mieleka kama marafiki. Anamwita Henry kando na kumfundisha somo: sheria itakulinda wewe bwana dhidi ya mtumwa wako, lakini ukijishusha ukacheza naye, usiitarajie sheria ikuheshimu. Henry analielewa somo. Baba yake anapopata habari, anamchapa fimbo ya bega. Moses baadaye anafanywa nyapara.

Ni jambo la kutisha kwamba Henry si mtu mbaya. Anaazimia kuwa bwana mwema kuliko mabwana wote wazungu, awape watu wake chakula kizuri na asiwapige ovyo, na riwaya inamwacha ajaribu, mpaka msomaji aone kwamba wema hauna mahali pa kukaa ndani ya umiliki wa mtu. Sherifu wa kaunti, John Skiffington, ni hivyo hivyo: mcha Mungu, asiyetaka kumiliki mtumwa, ambaye kila siku anakwenda kazini kuulinda utumwa. Chini yake wako watu wa doria, mmoja wao akiwa Harvey Travis, ambaye usiku mmoja anazitafuna hati za uhuru za Augustus na kuzimeza, kisha anamuuza mzee huyo kama mtumwa. Uhuru wa miaka mingi unaishia tumboni mwa askari. Hakuna mahakama inayosikia kesi hiyo.

Hapa ndipo ile sauti kavu ya karani inapofanya kazi. Msimulizi anataja takwimu za sensa ya Manchester, idadi ya watumwa, makosa ya mhesabu, vitabu vya wanahistoria wa vyuo vikuu, na vyote vimebuniwa. Wasomaji wengi waliamini wanasoma habari za kumbukumbu za serikali. Jones alielewa kwamba utumwa uliandikwa kwanza na watu wa aina hiyo, makarani wenye daftari la mali, na kwamba kuukaribia kwa lugha yao kunaleta hofu kuliko vilio. Msimulizi huyo huyo anajua yajayo. Katikati ya sentensi anaweza kumwambia msomaji kwamba mtoto huyu anayecheza uani atakufa miaka tisini baadaye katika mji fulani, au kwamba mtaa utapewa jina la mtumwa fulani katika miaka ya 1980, kisha anarudi uani. Wapo wanaolalamika kwamba watu ni wengi mno na kwamba kurasa mia za kwanza zinachosha. Lalamiko hilo si la bure. Asiyeandika majina pembeni atapotea. Lakini kila mtu akipewa jina na mwisho wake, hapatikani mtumwa wa kupita tu nyuma ya pazia, na hicho ndicho kitabu kilichokusudiwa.

Baada ya Pulitzer yalifuata mengine: ruzuku ya MacArthur ya dola 500,000 mwaka huo huo wa 2004, na tuzo ya IMPAC ya Dublin mwaka 2005. Tuzo hiyo ya pili ilikuwa na uzuri wake, ukikumbuka mji uliomwonyesha njia.

Mwaka 2006 ulitoka mkusanyiko wa pili, All Aunt Hagar's Children, jina linalotokana na msemo wa zamani wa Wamarekani Weusi wa kujiita wana wa Hajiri, yule mjakazi wa Biblia aliyefukuzwa jangwani na mwanawe. Nao una hadithi 14, na kila moja imeunganishwa na ile yenye nafasi sawa katika kitabu cha kwanza. Caesar, kijana jambazi wa hadithi ya nne ya 1992, anarudi katika hadithi ya nne ya 2006 akiwa mfungwa aliyekomaa. Mtu aliyepita mlangoni katika kitabu kimoja anakuwa mhusika mkuu katika kingine. Kwa mwandishi mwingine huu ungekuwa mchezo wa kuonyesha ustadi. Kwa Jones ni jinsi mitaa inavyokumbukwa na waliokaa humo: kila jina linavuta jina la jirani.

Tangu hapo hajatoa kitabu kingine. Alialikwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha George Washington mwaka 2009, na mwaka 2010 akawa mwalimu wa uandishi hapo. Mwaka huo pia alipata tuzo ya PEN/Malamud kwa hadithi fupi. Anayetaka kuanza kumsoma asianze na riwaya. Aanze na The First Day, inayosomeka kwa dakika chache, kisha asome hadithi ya pili ya All Aunt Hagar's Children, Spanish in the Morning, ambayo nayo ni ya msichana anayeanza shule. Baada ya jozi hiyo asome ile ya Caesar. Riwaya ije baadaye, na penseli iwe mkononi kwa ajili ya majina.